Chaja isiyochagua: kisa cha betri ya drili iliyowaka usiku Ngamiani

Kisa hiki kilitokea katika karakana ya useremala huko Ngamiani, Tanga. Namba ya barabara nimeiacha makusudi. Wenyeji wanajua kwamba Ngamiani ukishataja namba ya barabara na kazi ya mtu, umemtaja mwenyewe. Majina sikuyaweka, mwaka sikuuweka, na vitu viwili vitatu visivyo na uzito nimevibadilisha. Mwenye karakana amesomewa maandishi haya na kuridhia, ila aliniomba niseme mapema kwamba hakuna mtu aliyeungua. Basi nimesema.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme. Niliitwa asubuhi yake, meza ikiwa bado inafuka, nikarudi mara tatu ndani ya wiki ile.

Karakana na betri zake

Pale wanafanya kazi watu wanne: mwenye karakana, mpwa wake aliyemlea kazini tangu amalize shule, na vijana wawili wa kutwa. Wanatengeneza milango, makabati ya jikoni na fremu za madirisha. Nusu ya kazi hufanyika karakanani, nusu kwenye mapagale ya Pongwe, Mabokweni na kwingineko, nyumba zimefika kwenye lenta lakini umeme bado. Ndiyo maana walihamia vifaa vya betri: drili mbili, grinda moja na jigiso moja, vyote vinavyoingiliana betri.

Betri zilikuwa tano. Mbili zilikuja na drili ya kwanza, pamoja na chaja yake. Tatu zilinunuliwa baadaye kwa bei nafuu, ubavuni zimeandikwa 88 kwa maandishi makubwa. Namba hiyo isikubabaishe. Ndani ya kasha mna seli za lithiamu, kila moja ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zimepangwa makundi matano yanayofuatana. Seli moja ina volti 3.6 kwa kawaida na 4.2 ikijaa. Zidisha kwa tano: unapata 18, na ikijaa ni 21. Kwa hiyo mara nyingi betri iliyoandikwa 18, iliyoandikwa 20 na iliyoandikwa 21 ni kitu kilekile, na hii ya 88 nilipoifungua nilikuta makundi yaleyale matano. Umeme unaokaa humo si mchezo. Betri ya volti 18 na ampea-saa 4 ina wati-saa 72, unaotosha kuwasha taa ya wati 9 kwa saa nane. Siku ya balaa umeme wote huo hutoka kwa dakika chache.

Jambo la mwisho la usuli, ambalo mwenye karakana hakuliona kuwa na maana mpaka nilipomwuliza: alijifunzia kazi kwenye drili za betri za nikeli-kadmiamu. Zama zile kanuni ilikuwa moja, itumie mpaka ife kabisa ndipo uichaji, la sivyo betri “itakumbuka” na kukupa nusu. Kwa betri zile kanuni ilikuwa na msingi wake. Yeye aliihamishia kwenye lithiamu nzimanzima, na vijana wake wakaipokea kama ilivyo.

Miezi mitatu kabla ya moto

Masika yaliposhika, mwezi wa nne, njia za kwenda kwenye mapagale ziligeuka tope na kazi za nje zikasimama. Betri mbili kati ya zile za bei nafuu zilirudi kutoka saiti zikiwa zimekauka, drili haiwezi kukaza hata skrubu ya bawaba. Moja ikatupwa kwenye sanduku la zana. Nyingine ikabaki imechomekwa kwenye grinda. Zikakaa hivyo hadi mwezi wa sita.

Mwezi wa sita ikaja oda ya milango minane, mwenye nyumba anataka kuhamia. Mpwa akachukua zile betri mbili akazipachika kwenye chaja ya asili. Taa zikaanza kupepesa, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Karatasi ya maelekezo ipo hadi leo, imekunjwa chini ya chaja hiyohiyo, na imechora mpepeso huo: betri ina hitilafu. Hakuna aliyeifungua.

Kijana alikuwa ameona video kwenye simu. Akakata vipande viwili vya waya, akaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, betri nzima ikasukuma umeme ndani ya ile mfu kwa dakika kama tano. Vijana wanaita “kuishtua”. Aliporudisha kwenye chaja, ikapokea. Akafanya hivyo na ya pili, nayo ikapokea.

“Hapo umeniokolea pesa, mjomba,” mwenye karakana akamwambia, akatuma mtoto akalete soda.

Wiki moja baadaye chaja ya asili ikakataa tena. Safari hii kijana hakuhangaika na waya. Alikwenda sokoni akarudi na chaja ya Sh 15,000. Muuzaji alimsifia kwa neno ambalo limebaki kichwani mwangu: “Hii haichagui.” Na kweli haikuchagua. Kila betri iliyopachikwa ilichajiwa.

Zikafuata kama wiki tatu za dalili. Betri moja ilikuwa inaisha kabla ya mlango wa pili. Kona yake moja ilipata joto kuliko nyingine. Baadaye ikawa inagoma kuingia kwenye drili, wakawa wanaisukuma kwa kiganja. Mpwa alidhani ni vumbi la msasa limejaa kwenye reli. Mmoja wa vijana wa kutwa aliniambia pia kwamba ilikuwa na harufu tamutamu, kama rangi ya kucha. Lakini karakana yenyewe inanuka thina na vanishi kutwa. Nani angeitofautisha?

Usiku wenyewe

Alhamisi umeme ulikatika tangu alasiri. Betri zote zilikuwa zimekwisha na milango miwili ya mwisho ilikuwa ifungwe Ijumaa kabla ya sala. Jioni wakapachika betri mbili kwenye chaja mbili, ile ya asili na ile isiyochagua, juu ya meza ya kazi, soketi imewashwa, ili umeme ukirudi zijichaji zenyewe. Meza hiyo ni ya mbao, na pembeni yake kulikuwa na lundo la maranda ambalo halikuzolewa kwa sababu ya giza. Wakafunga.

Umeme ulirudi kama saa saba usiku.

Saa tisa na nusu jirani anayepika mahamri na mbaazi alikuwa ameshaamka kukanda unga. Alisikia kitu kikifoka kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa, kisha mipasuko, miwili mitatu, “kama bisi, lakini bisi kubwa.” Akatoka, akaona moshi mweupe unatoka juu ya mlango. Akagonga dirisha la mwenye karakana, anayelala nyumba ya nyuma: “Fundi! Fundi weye, amka! Karakana inatoa moshi!”

Mwenye karakana alifanya mambo manne kwa mfuatano huu. Kwanza alikata meni swichi, ambayo kwa bahati iko ukuta wa nje. Pili alifungua mlango na kurudi nyuma, moshi usimpige usoni. Tatu alimwaga ndoo mbili za mchanga juu ya meza. Moto wa maranda ukazima, lakini betri ikaendelea kupasuka chini ya mchanga, seli moja baada ya nyingine, na kila mpasuko unarusha cheche. Nne alichukua beleshi la mpini mrefu, akaikokota ile betri pamoja na mchanga wake mpaka uani, na hapo mpwa wake na jirani wakaanza kuimwagia maji ya ndoo kutoka pipani.

Aliogopa maji mwanzoni. Alikuwa amesikia, kama sisi sote, kwamba moto wa umeme haumwagiwi maji. Ni jirani aliyeamua: “Umeme umeshaukata, unangoja nini?”

Waliimwagia kwa karibu nusu saa. Ilipotulia wakaketi. Baada ya saa nzima, adhana ya alfajiri imekwishapita, seli nyingine ikalipuka palepale uani na kuruka kama hatua tatu.

Hasara: meza, chaja mbili zilizounguzwa makasha, milango miwili iliyopakwa vanishi, na upande mmoja wa silingi bodi. Mwenye karakana alikohoa siku mbili, akaenda kupimwa kifua, akarudi salama. Mwenye nyumba akapewa milango yake Jumanne.

Nilichokuta

Mtaani jibu lilikuwa tayari: umeme umerudi na nguvu. Nilianzia hapo hapo, kwa sababu ni jambo linalowezekana. Lakini kwenye soketi hiyohiyo ya ekstensheni kulikuwa na chaja ya simu na taa ndogo, vyote vinafanya kazi. Chaja ya asili, kasha limeyeyuka upande mmoja, bado ilitoa volti zake. Betri iliyokuwa juu yake ilipata joto la jirani tu, haikuwaka kutoka ndani. Tena hesabu ya saa inasema jambo lingine. Chaja isiyochagua hutoa takriban ampea 2, na betri ni ya ampea-saa 4. Kutoka saa saba hadi saa tisa na nusu ni muda wa betri kufika mwisho wa kujaa. Hitilafu ya umeme kurudi kwa nguvu ningeitarajia saa saba.

Iliyoungua haikuwa na cha kupima. Bahati ilikuwepo pacha wake, ile betri ya pili iliyoshtuliwa siku ileile. Nilimwambia mpwa aiweke nje juu ya bloku, mbali na kila kitu, na ndipo nikaifungua. Nasema hili kwa tahadhari: ni kazi yangu, nina vifaa, na hata hivyo nilifanya uani nikiwa na ndoo ya maji miguuni. Usiifungue ya kwako kwa sababu umesoma hapa.

Multimita ilisoma makundi manne kati ya 4.06 na 4.09. La tano, 3.21. Jumla ilikuwa volti 19.5 na ushei, namba ambayo ukiipima nje unasema betri ni nzima. Nikaiacha usiku kucha. Kesho yake makundi manne yalikuwa palepale, la tano limeshuka hadi 2.94. Hakuna kitu kilichokuwa kinatumia umeme wake. Lilikuwa linavuja ndani kwa ndani.

Kwa nini iliwaka

Ndani ya seli ya lithiamu, upande hasi umebebwa na karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikishuka mno, chini sana ya ile volti 2.5 ambayo wengi huichukua kuwa sakafu, na ikakaa huko, shaba hiyo huanza kuyeyuka. Ukija kuichaji tena, shaba inajijenga upya mahali pasipo pake, kama vijisindano, na kuunganisha pande mbili ambazo hazitakiwi kukutana. Seli haifi hapo. Inaamka, inazungusha drili, inakupa matumaini. Ila sasa ina njia ya mkato ndani ya tumbo.

Seli hazikushuka sawa, maana hazikutengenezwa sawa, hasa kwenye betri za bei ile. Kundi moja lilizama zaidi ya mengine.

Sasa weka chaja isiyochagua. Ya asili ina miguu ya ziada katikati (miguu ni vile vibati vinavyogusana na betri), mmoja wake unasoma joto la betri, na inapoona jambo halijakaa sawa inakataa. Hii ya sokoni ina miguu miwili tu, chanya na hasi. Inachojua ni kwamba jumla lazima ifike 21. Kundi la tano likiwa limeganda kwenye 3.2, yale manne yatabeba zilizobaki: 21 toa 3.2 ni 17.8, gawa kwa nne, 4.45 kila moja. Mpaka wao ni 4.2. Bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya kasha ingepaswa kukata umeme kundi lolote likivuka. Ya pacha niliyoifungua haikuwa na waya wa kwenda kwenye makundi ya katikati hata mmoja. Ilikuwa inaangalia ncha mbili, sawasawa na chaja.

Kwa hiyo usiku ule betri ilikuwa na makundi manne yaliyoshiba kupita kiasi na moja lenye mkato wa ndani linalotoa joto, katika kasha moja. Lipi lilianza, sitadai. Moja likishaanza, joto lake linatosha kuamsha lililo kando yake, na ndiyo ile mipasuko ya kufuatana aliyoisikia mama wa mahamri.

Kuhusu lawama

Siku ya kwanza mwenye karakana alikuwa anamtazama mpwa wake kwa jicho ambalo sikulipenda. Nilimwuliza nani alinunua soda. Alicheka kwa shida, akanyamaza.

Kijana alifanya kosa la kiufundi, na lilikuwa kubwa. Lakini alilifanya mchana kweupe, mbele ya watu watatu, akasifiwa. Chaja ilimkatalia mara mbili, na mara zote mbili kukataa kwake kulichukuliwa kama ubovu wa chaja. Hapo ndipo mimi ningeweka kidole, kuliko kwenye zile waya mbili. Ubahili wa Sh 15,000 ninauelewa, oda ya Ijumaa ninaielewa zaidi.

Jambo la kuchaji usiku wengi wataliona ndilo kosa kuu. Silioni hivyo. Betri ile ingewaka hata saa nane mchana. Tofauti ni kwamba kungekuwa na mtu wa kuichomoa ilipoanza kupata joto, na maranda yangekuwa yamezolewa. Usiku uliongeza hasara tu.

Yaliyosaidia, na mengine ni bahati

Meni swichi kuwa nje ni bahati ya mjenzi wa zamani. Debe la thina, ambalo kwa kawaida hukaa chini ya meza ile, lilikuwa limekwisha Jumatano na halijanunuliwa jingine. Hii nayo haikupangwa na mtu.

Mchanga ulizima maranda, na kwa hilo ulifaa. Kwa betri haukutosha, maana seli inayoungua hutoa sehemu ya oksijeni yake humohumo ndani, kuifunika hakuinyimi. Inachohitaji ni kupozwa, na maji yanapoza kuliko kitu chochote kilichokuwa pale. Lithiamu ya betri hizi haiko katika hali ya chuma kitupu kinachogombana na maji. Umeme ukishakatwa, maji mengi, kwa muda mrefu, ukiwa umesimama upande upepo unakotokea. Moshi ule una gesi za floridi zinazochoma mapafu, kwa hiyo ile hatua ya kufungua mlango na kurudi nyuma ilikuwa nzuri kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Kuikokota kwa beleshi kulifanikiwa, lakini nisingemwambia mtu arudie. Seli iliyoruka hatua tatu baada ya saa nzima ingeweza kuruka akiwa ameinama juu yake.

Watu wazima sita walikuwa pale wakati moto umekolea, na hakuna aliyepiga 114 ya Zimamoto. Wawili waliniambia hawakuijua namba. Sasa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya meni swichi.

Walichobadilisha

Chaja mpya ni ya aina ileile ya betri, na iko juu ya rafu ya bloku karibu na mlango, chini yake sakafu tupu. Wanachaji mchana. Betri ikitoka kwenye grinda ikiwa moto inakaa nusu saa kwanza, kwa sababu seli haitakiwi kuchajiwa ikiwa imevuka nyuzi 45, na chini ya bati mwezi wa pili Tanga hauko mbali na hapo hata kabla ya kufanya kazi. Drili ikianza kulegea wanaibadilisha betri, hawaiminyi mpaka izime. Kanuni ya nikeli-kadmiamu mwenye karakana aliiacha kwa shingo upande. Mara mbili nilimkuta bado anamaliza betri “kidogo tu”.

Kila betri imepigwa namba kwa rangi, na kuna daftari. Kabla ya masika huwekwa zikiwa nusu, hazijachomekwa kwenye chombo, na mara moja kwa mwezi mtu anaziangalia. Miguu inafutwa kwa kitambaa kikavu, maana hewa ya chumvi ya hapa inaotesha kijani kwenye shaba haraka sana.

Mbovu hazitupwi jalalani, kwa kuwa jalala la mtaa huchomwa moto. Miguu inapigwa tepu nyeusi, zinakaa kwenye pipa la mchanga uani, mbali na ukuta, mpaka apatikane wa kuzipeleka kwa wanaokusanya taka za umeme. Pacha yuko humo hadi leo.

Mara ya mwisho nilipopita, mwezi wa kumi na moja, betri namba 4 ilikuwa imepachikwa na chaja inapepesa nyekundu na kijani. Mpwa akaichomoa, akaandika tarehe daftarini, akatafuta tepu. Mwenye karakana akaniangalia mimi kwanza, kisha yeye. “Hata mara moja tu haiwezi kushtuka, mjomba? Oda hii hapa.”

“Hiyo milango, mjomba, tutaitoboa na drili ya waya,” kijana akasema, akatoka na ile betri uani.